Mwenye lori anataka tusaini kwamba tumemalizana

Swali: Mdogo wangu ni bodaboda hapa Ndanda. Lori la korosho lilimgonga kwa nyuma barabara ya Masasi–Mingoyo, akavunjika mguu, kawekwa vyuma. Mwenye lori anatoa laki tano ila anataka dogo asaini kwamba wamemalizana. Watu wanasema pikipiki haikuwa na bima kubwa, kwa hiyo hana chake. Tufanyeje?

Jibu: Pole sana dada. Msisaini.

Inayotakiwa kulipa hapa ni bima ya lori, siyo ya pikipiki. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila chombo cha moto kiwe angalau na bima ya mtu wa tatu, inayofidia kifo na majeraha ya wengine. Kwa lori lile, mtu wa tatu ni mdogo wako. Hakikini namba ya lori kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, mtandaoni, mtaona kampuni iliyolikatia bima.

Laki tano inaonekana nyingi kwa sababu mna shida leo. Mguu wenye vyuma una kliniki za kurudia, miezi bila kazi, na pengine ulemavu ambao daktari hawezi kuukadiria mpaka mfupa uunge. Mkiisaini karatasi hiyo, ndiyo itakayoletwa mahakamani kuwapinga. Akitaka kusaidia matibabu, pokeeni, lakini maandishi yaseme hivyo tu: msaada wa matibabu, kiasi, tarehe.

Tunzeni PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), ripoti ya trafiki yenye mchoro wa ajali, na kila risiti, hata ya nauli ya kliniki. Kipato ndicho kinachowaangusha bodaboda wengi, maana hawana hati ya mshahara. Tafuteni daftari la hesabu ya bosi, miamala ya simu na barua ya viongozi wa kijiwe. Kama hakuvaa kofia ngumu, msifiche. Kofia isingeuokoa mguu.

Kesi ya trafiki msikubali iishie kienyeji. Dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo itawabeba kwenye madai.

Barua ya madai iende kwa mwenye lori na kampuni ya bima. Wakizungusha, nendeni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au mumshtaki dereva pamoja na mmiliki kabla ya miaka 3 tangu ajali. Kama wakili ni gharama, ulizeni halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria. Huduma yao ni bure.