Mkanda mmoja, migongo kumi: fundi wa Nungwi anauliza

SWALI: Shikamoo kaka. Mi fundi cherehani hapa Nungwi, nilianza na mabegi na maturubai ya boti, siku hizi senta za kuzamia zinaniletea majaketi ya BCD, yale ya kujazwa hewa yanayobeba mtungi, yaliyokatika mikanda nawashonea. Sasa nimepata wazo la kutengeneza hanesi yangu mwenyewe, ile ya mikanda na bamba la mgongoni, ila iwe ya kurekebishika, maana nawaona madaivmasta, wale wanaowaongoza wageni majini, wanavyohangaika asubuhi, mgeni wa kwanza bonge la mtu, anayefuata binti mwembamba, na hanesi ni ileile. Nishashona mbili za majaribio. Nitumie vitu gani, na nikimaliza niuzeje? Kupiga debe siwezi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, maana wengi wanaoniandikia wanataka kuagiza vitu China, wewe unataka kushona.

Kwanza ujue hanesi ya bamba ya asili hairekebishiki, na walifanya makusudi. Ilikuzwa na wazamiaji wa mapango kule Florida, na mtindo wake hadi leo unaitwa Hogarthian, kutokana na jina la kati la mzee mmojawapo, William Hogarth Main. Ni utepe mmoja mrefu wa upana wa sentimita 5, unapita kwenye matundu ya bamba, unapanda mabegani, unashuka kiunoni, bizimu moja tu ya chuma, basi. Unaupima mara moja kwa mwili wako. Wale jamaa hofu yao ni kwamba kila kiungo unachoongeza ni sehemu nyingine inayoweza kuachia, na ukiwa ndani ya pango huna pa kuchomokea. Ila wao hanesi ni ya mtu mmoja, yako itavaliwa na migongo kumi kwa wiki, kwa hiyo wewe kurekebisha unakuhitaji, ila ujue unakununua kwa viungo, na kazi yako yote ni kuvipunguza.

Hata mtu mmoja habaki na kipimo kimoja. Kipindi cha kusi maji yanapoa watu wanavaa suti ya kuzamia ya unene wa milimita 5, kaskazi ikija wanavaa 3 au fulana tu. Halafu mtu akishuka mita 20 suti yenyewe inabanwa na maji inakuwa nyembamba, mkanda uliokuwa umebana kwenye boti unalegea, mtungi unaanza kucheza mgongoni.

Mi ningekushauri hivi, usiweke klipu za plastiki mabegani. Acha mkanda wa bega uteleze kwenye tundu la chini la bamba na kutokea kiunoni, mtu akiuvuta kiunoni bega linajifupisha, akiulegeza linajiachia, umerekebisha bila kuongeza hata kiungo kimoja. Ila matundu hayo uyasugue kingo mpaka ziwe laini kama ukingo wa kikombe, la sivyo zitaula utepe taratibu, na uweke kizuizi cha chuma ili mkanda usijitelezee wenyewe kazini. Plastiki naichukia kwa sababu iliniumbua, nilishawahi kuruka majini kule Mnemba na jaketi la kukodi, klipu ya bega ilikuwa imepigwa jua miaka, ikapasuka nilipogusa maji, mtungi ukanihamia ubavuni nikawa naelea upande kama ngalawa iliyovunjika tengo. Wenzangu walicheka hadi Matemwe.

Mkanda wa kati ya miguu usiusahau, ndo unaozuia kila kitu kisipande shingoni. Uupe kitanzi mbele ambacho mkanda wa kiuno unapita ndani yake, ili bizimu moja ikifunguliwa vyote viachie, na bizimu hiyo ifunguke kwa mkono mmoja, wa kulia. Daivmasta anayemvua mgeni aliyepanik hana muda wa kutafuta.

Utepe sasa. Mikanda mingi ya mabegi sokoni ni polipropilini, rahisi lakini inateleza na jua linaimaliza haraka. Kipime hivi: kata kipande, kikamulie majini mpaka viputo viishe, kikielea ni polipropilini, rudisha dukani, nailoni na poliesta zote zinazama. Kati ya hizo mbili mi napenda poliesta, nailoni ikilowa inavutika kidogo. Uzi nao uwe poliesta, pamba inaoza na chumvi. Bamba na pete za D ziwe stenlesi ya 316, ile 304 ni nzuri jikoni lakini baharini inatoa kutu, na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha hizo mbili kwa hiyo muuzaji asikudanganye nayo. Matundu ya boliti kwenye bamba yaachane sentimita 28, ndo kipimo wanachotumia wenye mabawa ya hewa, ile mifuko ya kuelea inayofungwa kwenye bamba, ukikosea hapo hakuna bawa litakalokaa. Bamba la chuma la kilo kama 2 na nusu linampunguzia mzamiaji vyuma vya risasi anavyovaa kiunoni ili azame, hilo ulitaje unapouza.

Bawa lenyewe usishone! Kitu cha kushika hewa kina viwango vyake, Ulaya ni EN 1809, nunua lililopimwa, wewe baki na mikanda.

Kuuza: we tayari una wateja, wanakuletea majaketi mabovu. Mpe daivmasta mmoja unayemwamini hanesi moja bure kwa mwezi, aitumie kila siku, halafu akae na wewe akutukane vizuri, rekebisha, ndo uanze kutaja bei. Piga video fupi ya simu, mtu mnene anaivua, binti anaivaa hiyohiyo, dakika moja bila maneno, weka status, wenye senta wataelewa kuliko tangazo lolote. Kila moja igonge namba na mwezi wa kushonwa, mkanda ukichakaa wanajua imetembea muda gani. Usiandike "salama asilimia mia", siku ikimkatikia mtu utalitafuta pa kulificha neno hilo. Na masika, Aprili na Mei hoteli nyingi zimefunga, boti zimepandishwa, hapo ndo pita senta kwa senta ukaombe mikanda yote ya kubadilisha.

SWALI: Kaka hujambo, mi mwanafunzi wa kuzamia Diani, mwili mdogo, kila nikielea juu jaketi linanipanda mpaka masikioni. Nakaza mabega lakini wapi. Nifanyeje?

JIBU: Sijambo dada. Unakaza sehemu siyo. Mabega yaachie kidogo, kiganja kipite chini ya mkanda, halafu kaza kiuno kwanza, kikae juu ya mifupa ya nyonga. Likiendelea kupanda ni kubwa kwako, mwambie mwalimu akupe saizi ndogo au akufungie mkanda wa kati ya miguu, na usione haya kuomba, umelipa.