Transista iliyoungua si ugonjwa: kwa anayeanza kutengeneza TV za chogo

Kijana anayejifunza kazi kwangu hapa Mwanga, Kigoma, aliunguza transista tatu ndani ya siku mbili. TV ilikuwa ya chogo, inchi 21, ya mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi. Transista ya kwanza ilidumu dakika tano. Ya pili haikufikisha hata picha. Ya tatu ilipasuka "tap!" mara tu alipowasha swichi. Akaniita: "Fundi, hii flaibaki imekufa, tuagize nyingine." Flaibaki ni ile transfoma inayozalisha umeme mkubwa wa kioo. Nikamwambia aweke pasi ya kulehemu chini, tukae kwanza.

Nayaandika haya kwa ajili yake na wenzake. Najua mnachekwa mtaani kwamba mnajifunza kitu kilichopitwa na wakati. Njooni muone rafu yangu. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini mwishoni mwa 2012, watu wengi hawakutupa TV zao. Walinunua king'amuzi, wakachomeka zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, maisha yakaendelea. Wenye vibanda vya video wanazo, wazee wanazo, watoto wa gemu wanazo. Kazi ipo, ila ina umeme usiotaka mzaha, kwa hiyo nianzie hapo.

Kioo cha TV ya inchi 14 kinapelekewa kama kilovolti 22, na cha inchi 21 hufika 25 au kuzidi kidogo. Sasa kioo chenyewe ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Kwa nje kimepakwa ile rangi nyeusi ya kaboni, kwa ndani kina tabaka jingine, na katikati ni gilasi. Ndiyo maana TV iliyozimwa jana inaweza kukupiga leo asubuhi. Kabla ya kuchomoa kile kikombe cha mpira juu ya kioo, chukua bisibisi nyembamba yenye mpini mzima wa plastiki, funga waya wenye klipu kwenye chuma chake, na klipu ibane ule waya wa msuko uliokumbatia mgongo wa kioo. Usibane popote pengine. Umeme wa kioo ukiupeleka kwenye saketi unaua aisii, zile chipu za kwenye bodi, halafu utalia. Mkono mmoja ufanye kazi, mwingine uwe mfukoni au mgongoni. Pitisha ncha chini ya kikombe hadi iguse chuma, subiri, kisha rudia baada ya dakika chache, maana kioo hujirudishia chaji kidogo chenyewe.

Mimi sikurudia. Nilikuwa bado mwanafunzi, nikaona cheche moja, nikaamini imekwisha. Shoti yenyewe haikuniumiza sana. Kilichoniponza ni kuruka. Kiwiko kiligonga shingo ya kioo, nikasikia "fyuuu", hewa inaingia. Lile doa la rangi ya fedha shingoni likageuka jeupe kama maziwa, nami nikajua nimeua kioo cha mtu. Nilikilipa miezi minne, kidogo kidogo, kwa mwalimu wangu, ambaye hakunifokea hata mara moja. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Ila kama mtaniuliza naogopa nini zaidi kwenye TV, si kioo. Ni ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani, ya volti 400. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa, ndani yake hukaa zaidi ya volti 300, na ina nguvu ya kukushika. Hiyo usiishoti kwa bisibisi. Itoe chaji kwa balbu ya wati 60 yenye waya mbili. Na mkumbuke kwamba upande huo una nchi yake, yaani ile sehemu ya kupimia kutoka sifuri, tofauti na nchi ya upande wa picha. Ukiweka waya mweusi wa testa, ile mita ya kupimia umeme, kwenye nchi isiyohusika, utasoma namba za uongo siku nzima.

Turudi kwa yule mama wa dagaa. Transista ya laini, ile iliyofungwa kwenye hitisinki, bamba la chuma la kupoozea joto, karibu na flaibaki, ikiungua, mwanafunzi huiona ndiyo ugonjwa. Mimi huiangalia kama maiti: nani kaiua? Inafanya kazi ya kukata na kuachia umeme mara 15,625 kwa sekunde, na wanaoweza kuiua ni wengi. Wa kwanza kumshuku ni umeme mkuu unaoilisha, ile B pulasi. Kwenye TV za aina hii utakuta kati ya volti 100 na 145 kutegemea modeli, na mara nyingi namba imeandikwa kwenye bodi yenyewe. Tulitoa transista, tukafunga balbu ya wati 60 kwenye njia ya B pulasi iwe mzigo badala ya flaibaki, tukawasha. Bodi imeandikwa 112. Testa ikasoma 168. Kijana akanyamaza.

Mhalifu alikuwa kapasita ndogo ya mikrofaradi 47 upande wa pawa, imekaa ubavuni mwa rizista ya moto kwa miaka mingi hadi ikakauka, B pulasi ikapanda. Bei yake haifiki hata nusu ya transista moja. Angeipima B pulasi kabla ya kufunga transista ya kwanza, angeokoa zote tatu.

B pulasi ikiwa sawa, nenda kwenye kapasita ya laini, ile yenye volti 1600 au 2000 iliyo jirani na transista. Ikipoteza uwezo, umeme wa flaibaki hupanda ghafla, na transista huondoka bila kuaga. Ukiibadilisha, thamani iwe ileile na volti zisipungue. Wapo wanaoweka ndogo makusudi ili picha "ing'ae". Msifanye. Mwaka 1967 General Electric ya Marekani iliita maelfu ya TV zake za rangi zirudishwe kwa sababu zilitoa miali ya eksirei kupita kiasi, chanzo kikiwa vali, ile taa ya kioo ya mitambo ya zamani, iliyokuwa ya kudhibiti huo umeme mkubwa. TV zetu hazina vali hiyo, lakini ukipandisha kilovolti kupita kipimo cha kiwanda unaufungua mlango uleule.

Flaibaki iishuku mwisho, si mwanzo, kwa sababu ni ghali na kupata inayofanana kabisa huku kwetu ni kusubiri mzigo wa treni. Flaibaki mbovu ina tabia zake: B pulasi inavutwa chini, transista inachemka ndani ya dakika moja hata ukiwa umefunga mpya, au pembeni mwake kuna kitundu kidogo cheusi kinachopiga cheche. Zima taa za duka, utakiona.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu havilisemi kwa sababu havikuandikiwa Kigoma. Mvua zikianza Oktoba, TV nyingi huja na malalamiko yaleyale: inalia "chrrr" asubuhi, ina harufu kama ya radi, ikishapata joto inanyamaza. Nusu ya hizo hazina ubovu wowote wa vifaa. Ni vumbi jekundu la kiangazi lililolala juu ya kioo, sasa limepata unyevu wa ziwa, umeme unatambaa juu yake. Toa chaji, vua kikombe, futa kioo na mpira wote kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, acha vikauke kabisa, rudisha. Kikombe kikiwa kimepasuka au kukakamaa, chukua kingine kwenye flaibaki iliyokufa. Halafu angalia mijusi na mende. Sitanii. Kinyesi cha mjusi juu ya bodi, kikilowa, hupitisha umeme, na nimewahi kukuta mjusi mwenyewe amekauka katikati ya miguu ya flaibaki. Mwenye TV alikataa kuamini mpaka nilipomwonyesha.

Kingine kinachoongoza huku ni lehemu iliyopasuka. TV iliyobebwa kwenye lori kutoka Kasulu au Kibondo miaka ile ya vumbi na makorongo imetikiswa vya kutosha. Chukua lensi, angalia miguu ya flaibaki na ya kile kitransfoma kidogo kinachoisukuma transista. Utaona duara jembamba kuzunguka mguu. Nyonya lehemu ya zamani, weka mpya. Ukiongeza juu ya ile ya zamani tu, TV itarudi kabla ya Idi.

Na testa isiwadanganye. Transista nyingi za laini zina dayodi ndani na rizista ndogo kati ya miguu yake miwili, besi na emita. Ukipima hapo utapata omu kama 40 au 50, na mgeni husema ni shoti. Nilitupa nzima kadhaa kabla ya kufundishwa. Shoti ya kweli itafute kati ya mguu wa tatu, kolekta, na emita. Pia msithubutu kugusisha testa ya kawaida kwenye kikombe ili "kupima kilovolti". Kuna probu yake maalumu. Kama huna, sikiliza kioo kinavyokwaruza kikiwaka na ona vinyweleo vya mkono vinavyosimama mbele yake.

TV ya mama wa dagaa tuliiwasha tena na transista ya nne, safari hii balbu ya wati 100 ikiwa imeungwa kwenye njia ya umeme wa ukutani. Balbu iliwaka, ikafifia, picha ikaja. Tukaondoa balbu, tukaiacha saa mbili. Kila nusu saa kijana aliizima, akachomoa waya, akagusa hitisinki kwa kidole. Mwishoni nilimpa kalamu ya wino mzito, akaandika kwa ndani ya chogo: B pulasi 112, na tarehe.