Kwa nini seli T zisikomalie kwenye uboho? Jibu langu

Mkuu, umeuliza mawili: kwa nini seli T, chembe nyeupe za kinga, ziende kwenye tezi ya thaimasi wakati wenzao seli B zinakuzwa kwenye uboho, na tezi hiyo ikitolewa inakuwaje. Nimekuza seli hizi maabara, kwa hiyo naanza na nilichokiona.

Unachukua seli shina za damu za panya, unazigawa kwenye sahani mbili. Chini kuna tandiko lilelile la seli za OP9 (seli za uboho wa panya zinazolea nyingine), na saitokini zilezile, yaani protini ambazo seli hutumia kupashana habari. Tofauti ni moja: sahani ya pili, tandiko limepewa jeni ya protini iitwayo Delta. Kwenye hadubini huoni kitu, zote ni viduara vinavyong'aa juu ya seli bapa. Zipake kingamwili zenye rangi, zipitishe kwenye mashine: ya kwanza imeelekea seli B, ya pili alama ya CD25 imepanda, zimeshika njia ya T. Mbinu hii ilitangazwa Toronto mwaka 2002 na bado inanisisimua.

Delta hugusa kipokezi cha Notch. Kipande chake cha ndani hukatwa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za T. Mwilini, Delta ya jamii hiyo imejaa kwenye thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Ndiyo maana sipendi tezi hii ielezwe kama shule tu. Seli haziingii mle zikiwa T. Uamuzi wenyewe unafanyika humo.

Baada ya hapo vimeng'enya vya RAG hukata DNA na vingine huiunga ovyoovyo, kila seli ipate kipokezi chake cha kutambua wavamizi. Vingi havifai. Kisichoshika kabisa MHC (protini zinazobeba vipande vya protini nyingine na kuvionyesha kwa seli T), seli yake inakufa. Kinachoshika protini za mwili kwa nguvu mno, nayo huuawa. Protini ya AIRE huzifanya seli za thaimasi zitoe hata insulini, kitu cha kongosho, ili wakorofi wagundulike mapema. Zaidi ya asilimia 90 hufia humo. Jeni ya AIRE ikiharibika, kinga hushambulia tezi za mwili wenyewe.

Kuhusu kuitoa: mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller aliitoa kwa panya wachanga, wakapungukiwa na limfosaiti (kundi la chembe nyeupe lenye seli T na B) na wakapokea ngozi ya panya wengine bila kuikataa. Kwa mtu mzima athari si kali hivyo, kwani seli T zilizokwisha kutoka huishi miaka mingi na kugawanyika zenyewe.