Mshale wa joto haupandi? Usinunue geji kwanza

Ndugu yangu, unasema mshale umelala kwenye C (baridi) hata ukitoka Igoma hadi Kirumba hapa Mwanza kwa foleni, na fundi anataka ubadilishe geji nzima. Mwambie asubiri.

Kama gari ni la zamani na sensa (kile kifaa kwenye injini kinachopima joto na kupeleka taarifa kwenye geji) ina waya mmoja, chomoa plagi yake, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha gusisha waya kwenye chuma cha injini sekunde moja tu. Mshale ukipanda kuelekea H (joto), mbovu ni sensa. Usipopanda, fuata waya. Wangu ulikuwa umeota kutu ya kijani ndani ya plagi (nilizoea kuingiza gari majini mwaloni kupakia dagaa). Nikausugua kwa msasa, ukapona.

Sensa ya waya mbili usiigusishe hivyo. Maji ya rejeta kagua injini ikiwa imepoa.