Kabla ya kununua tairi jepesi, azima mizani

Sisi tunaotoka Tanga mjini kwa baiskeli alfajiri ya Jumamosi, kwenda Muheza na kurudi, tukikaa kunywa chai maneno ni gramu tu. Mwaka jana nilinunua matairi yasiyotumia tyubu kwa sababu moja: niliamini tyubu ikiondoka, na uzito wake unaondoka.

Nikaazima mizani ya dada yangu, ile anayopimia unga wa keki, nikapima kila kitu. Tairi langu la zamani la kukunja, yaani lenye nyuzi laini kingoni badala ya waya, la milimita 25, gramu 221. Tyubu ya mpira 104. Mkanda wa ringi 12. Jumla 337. Lile jipya, likiwa tupu, 292, maana mpira wake ni mzito zaidi ili ushike upepo wenyewe. Weka maji ya kuziba pancha 35, vali 6, utepe 9: gramu 342. Pesa yote ile, na gurudumu limezidi gramu tano!

Matairi yenyewe ni mazuri. Karibu na Pongwe nilichomoa mwiba, maji meupe yakatoka povu, tundu likaziba, nikaendelea na safari. Hiyo ndiyo sababu ya kuyanunua. Ila joto letu huyakausha maji hayo. Ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Unayetaka wepesi, anza na matairi yenye waya yaliyokuja na baiskeli. Langu lilikuwa gramu 345. Kuhamia la kukunja kulinipunguzia zaidi ya gramu 100 kila gurudumu, kabla hata sijawaza ringi za kaboni. Kisha tazama tyubu za plastiki laini: yangu ni gramu 36 tu. Beba viraka vyake maalumu, kwa sababu kiraka cha kawaida cha fundi na solusheni yake havishiki.

Gramu ya kwenye tairi huhesabika karibu mara mbili unapochomoka, kwa kuwa unaisukuma mbele na kuizungusha pia. Ukishashika mwendo, faida hiyo haipo. Mlimani ni uzito kama wa maji ya kwenye chupa.

Sasa mbele nimefunga tairi la kukunja na tyubu ya plastiki. Nyuma, ambako pancha hunipata zaidi, nimeacha lile lisilo na tyubu.