Nondo wanaorudi baada ya kutupa unga

Pole dada. Umesema ulishamwaga sembe yote, na wiki mbili baadaye vipepeo wale wa kijivu wamerudi kuzunguka taa ya jikoni. Hapo sembe haikuwa chanzo pekee. Nondo anayeruka hata hali chakula. Kazi yake ni kutaga. Mlaji ni kiwavi, na huyo anatoboa mfuko wa nailoni bila shida.

Toa kila kitu kabatini, hasa usivyovigusa mara kwa mara. Kwangu walikuwa kwenye kifuko cha karanga za uji nilichokisahau nyuma ya chupa za chai. Nilipokiinua, karanga zikaning'inia pamoja kama shanga, zimeshikwa na utando. Ukiona utando hivyo, tupa, tena nje ya nyumba, si kwenye ndoo ya jikoni.

Kisha angalia juu. Kiwavi akishiba huacha chakula, hupanda ukutani na kujifungia kwenye kona ya dari, bawaba za mlango wa kabati, hata chini ya mfuniko wa kopo. Pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni, na kijiti kwenye nyufa. Dawa ya kupuliza usiiguse, hapo ni mahali pa chakula.

Mchele na unga unaoonekana salama weka friza kwa wiki nzima, mayai yafe, halafu hamishia kwenye ndoo za mfuniko unaobana. Majani ya mwarobaini weka ukipenda, ila usiyategemee.