Nyota jirani na vipande vya barafu vya mbali

Umeuliza kama nyota nyingine zinavuta vitu vilivyo pembezoni mwa mfumo wa Jua. Ndiyo, zinavuta, ila kuna jambo watu hulisahau: kila nyota inayovuta kitu hicho inalivuta na Jua letu pia. Kinachovuruga njia ya kitu ni ile tofauti kati ya jinsi nyota inavyokivuta kitu na jinsi inavyolivuta Jua. Kwa sayari ya Neptuni tofauti ni ndogo mno, achana nayo.

Mambo hubadilika kwenye Wingu la Oort, yaani kundi kubwa la vipande vya barafu vinavyolizunguka Jua kwa mbali sana. Chukua kipande cha barafu kilicho mbali na Jua mara 50,000 kuliko Dunia. Huko mvuto wa Jua umedhoofika mara bilioni 2.5, na kipande hicho kinajikokota kwa mita 130 hivi kwa sekunde, wakati Dunia inakwenda kilomita 30 kwa sekunde. Mzunguko mmoja hukichukua miaka milioni 11! Kitu cha mwendo huo hakihitaji kusukumwa sana. Nyota ikipita karibu, kinaweza kupotelea angani moja kwa moja au kuporomoka kuelekea Jua kikawa nyotamkia.

Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua kwa umbali wa miaka ya nuru 4.2, ni ndogo na iko mbali, haina madhara makubwa. Ya kuangalia ni nyota iitwayo Gliese 710: baada ya miaka milioni 1.3 hivi itapita ndani kabisa ya wingu hilo.